Vidoa kwenye anga vimeisha
Wapiga picha wenzangu wa Bagamoyo, huu upepo wa pwani na mchanga wa Kaole ukibadilisha lenzi nje tu vumbi liko kwenye sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachonasa picha. Mi kila picha ya majahazi ilikuwa na vidoa vyeusi angani, ukienda f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, ndo vinajitokeza haswa. Leo nimechaji betri ikajaa, nikazima feni, nikaweka menyu ya kusafisha sensa, nikaigeuza kamera mdomo chini nikapuliza na kipampu cha mpira, vingi vikadondoka, kimoja sugu kikabaki nikakitoa na swabu (kijiti cha kufutia sensa) ya upana wa milimita 24 na tone la dawa yake ya kusafishia, pitisha mara moja, geuza, rudi, basi. Msipulize kwa mdomo jamani, mate yakigusa pale ni kazi nyingine! Na swabu ikishatumika tupa.