Unga wa majani ya mlusina kwa wana-mbuzi
Kiangazi hiki, malisho ya hapa Dodoma yalipobaki mabua matupu, nimewalisha wana-mbuzi walioachishwa kunyonya unga wa majani ya mlusina (mti wa malisho, Leucaena), na matokeo yake yamenifurahisha kiasi kwamba ningependa wafugaji wenzangu wajue namna ya kuuandaa. Majani hayo yana protini nyingi, takriban asilimia 20 hadi 30 yakikaushwa, lakini yana pia mimosini, sumu inayonyonyoa manyoya na kuvimbisha tezi ya shingo mnyama akiyala kwa wingi. Ndiyo maana huyaloweka usiku kucha, nikamwaga maji yake yote, kisha nikayaanika juu ya turubai hadi yavunjike yakifikichwa vidoleni huku yakiwa bado na rangi ya kijani, ndipo nikayatwanga na kuyachanganya na pumba za mahindi na chumvi kidogo. Kiasi chake hakizidi robo ya chakula chote, hata wakiulilia. Mwanzoni waliunusa na kuondoka. Sasa hugombania beseni, manyoya yao yanang'aa, na mbavu zilizokuwa zikihesabika zimeanza kufunikwa na nyama.