Hilo "tu"

Ni Alhamisi, saa tano ya usiku, umeme umerudi na Baba Merveille amelala. Mimi bado niko Jumapili.

Jumapili tulikula kwa baba mukubwa, Katuba, hapa Lubumbashi. Ndiye aliyeifungua jenereta yetu, akaitazama, akaifunga, akasema imechoka kumshinda yeye. Bukari ilikuwa imekwisha, sombe limebaki chini ya sahani, akaniuliza, kama kila mwaka, doktora yangu ya fizikia ya viini vya atomu itaisha lini. Nikasema mwakani. Nasema mwakani tangu Merveille hana meno. Kisha akainama, akachukua lile jiwe la kijani linalozuia mlango usijifunge, malakiti kubwa kama ngumi mbili, akaliweka mezani kando ya kopo la chumvi. Vumbi lake lilibaki kwenye kitambaa, na mama mukubwa akalitazama hilo vumbi kuliko alivyolitazama jiwe.

"Mama," akaniambia, "ile hesabu yako inajua nini yenye jiwe haijue?"

Hakuwa ananichokoza. Alitaka kujua. Nami nikajibu: "Baba, ni hesabu tu. Ya chuo."

Akaitikia kwa kichwa, akalirudisha jiwe mlangoni, wakahamia habari za timu ya Mazembe.

Tangu hapo tumemzika mama wa jirani, mgomo umekwisha na ile makala iliyokataliwa mara mbili imekubaliwa, lakini nikiosha vyombo nasikia "tu". Nikiwa kwenye basi, "tu". Mzee huyu ameyeyusha shaba miaka 31. Sijawahi kumsikia akisema ni moto tu.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba katika watu wote wa meza ile, yeye ndiye angenielewa haraka. Nilikuwa na majibu, nimeyapanga tangu Jumatatu, nayapanga upya kila siku. La kwanza lingeanzia kwenye tone. Baba, unakumbuka shaba ikimwagika sakafuni inavyojikusanya matone? Mwaka 1935 Carl Friedrich von Weizsäcker alikichukua kiini cha atomu hivyo hivyo, tone. Kila protoni na kila nyutroni, chembe zinazojenga kiini, inashikana na majirani zake. Za pembeni zina majirani wachache, kwa hiyo tone linapoteza kidogo. Protoni zinasukumana zenyewe kwa zenyewe, linapoteza tena. Nyutroni zikizidi protoni mno, au protoni zikizidi, hasara nyingine. Na chembe zinapenda kukaa mbili mbili. Unajumlisha, unatoa, unapata nguvu inayokishikilia kiini kikiwa kimetulia chini kabisa, pale ambapo hakina tena pa kushuka. Kazi yangu yote ni hiyo sehemu ya chini: kiini kikitulia, kina uzito gani, upana gani, ni mviringo au kimevutika kama limau. Kompyuta yangu inatumia njia nzito kuliko ya tone, lakini mtu aliyekaa mbele ya tanuru angeanza na tone.

Jibu la pili sikulithubutu hata kichwani, kwa sababu ya zile namba. Viini vyenye protoni au nyutroni 2, 8, 20, 28, 50, 82, na nyutroni 126, vinashikana kuliko tone linavyosema, na wanafizikia wameziita namba za maajabu. Kwa Kifaransa cha Merveille zikawa namba za uchawi, akazipeleka shule ya Jumapili. Kwa baba mukubwa sitamki.

Basi jana, Jumatano, umeme ulikatika nikiwa ofisini, nikabaki na kalamu na nyuma ya karatasi ya mtihani wa mwanafunzi (anisamehe). Nikasema nitafanya hesabu ya lile jiwe. Shaba-63: protoni 29, nyutroni 34. Kwa mkono, kwa fomula ya tone, nguvu inayokishikilia kiini nilipata megaelektronivolti (kipimo chetu cha nguvu ya viini) 550.7. Iliyopimwa ni 551.4. Nikafanya kobalti-59, chuma kingine cha migodi yetu, protoni 27, nyutroni 32: nikapata 516.3, na iliyopimwa ni 517.3. Tone la mwaka 1935, kalamu ya mia tano, na tofauti haifiki mbili kwa elfu. Kwa risasi-208 (ile metali nzito), yenye protoni 82 na nyutroni 126, namba za maajabu zote mbili, tone linakosa kwa kama 12, na hapo ndipo unajua kuna kitu tone halikioni.

Nikatazama karatasi. 27 hapa, 29 pale. Katikati, 28.

Nilijua. Nimelifundisha hilo, nimelitahini, kuna mwaka nilimkata mtu alama kwa hilo. Lakini sijawahi kuviweka vyuma viwili vya Katanga kando kwa kando nikaona namba ya maajabu imekaa kati yao kama ukuta wa nyua mbili. Maria Goeppert Mayer na Hans Jensen walionyesha mwaka 1949 kwamba protoni zinakaa kwa maganda, kama abiria kwenye viti vya basi, na wakapewa Nobeli mwaka 1963. (Mayer alifanya kazi vyuoni miaka mingi bila mshahara. Nikifika hapo huwa nacheka peke yangu, siku za mgomo sicheki.) Kiti cha mwisho kabla ya 28 kinachukua watu wanane. Kobalti ina saba: nafasi moja wazi, reseveri (kondakta) bado anaita. Nikeli, yenye 28, imejaa. Shaba imejaa, na mtu mmoja amekaa peke yake kwenye kiti kipya. Na inapimika! Spini, yaani mzunguko wa ndani wa kiini, ya kobalti-59 ni 7/2, sawasawa na ile nafasi iliyo wazi. Ya shaba-63 ni 3/2, sawasawa na yule mmoja aliyekaa peke yake.

Halafu jibu lenyewe likaja, bila kuitwa. Shaba ya ndani ya lile jiwe ni ya namna mbili, 63 na 65. 64 haimo. Ukiitengeneza, nusu yake inapotea kwa saa 12.7. Jiwe linajua waliobaki. Hesabu inawajua na walioondoka, na wale ambao hawajawahi kufika: viini vilivyoonekana hadi leo ni zaidi ya 3,000, na nadharia inavihesabu karibu 7,000 vinavyoweza kushikana. Hivyo vingine hakuna mlima wa kuvichimba. Nilikaa gizani nikitabasamu kama mtu aliyeokota pesa, mlinzi akapita na tochi akauliza kama niko salama.

Nikampigia baba mukubwa papo hapo. Nikamweleza basi.

"Basi ya nani?"

"Ni mfano, baba."

Akanyamaza. Nilisikia redio yake. Kisha: "Na yule wa kobalti akipata mwenzake wa nane?"

Swali hilo, wanafunzi wa mwaka wa tatu hawaniulizi. Nikamwambia inakuwa nikeli, si kobalti tena.

"Ee. Nikeli hatukuyeyushaka, sie." Akafikiri tena. "Njo maana shaba na kobalti zinatokaka mu shimo moja."

Mungu anisamehe, kidogo niseme ndiyo. Ingekuwa tamu, na hadithi ingefungika. Lakini sivyo: zinakaa pamoja ardhini kwa mambo ya maji na mawe ya kale, viini havihusiki. Nikamwambia hivyo. Akasema sawa, lakini kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu.

Ndipo nikasema, polepole, maana hotuba yangu ilikuwa tayari tangu Jumatatu: "Baba, unakumbuka Jumapili uliniuliza hesabu inajua nini jiwe halijui?"

"Jiwe gani?"

"Lile la mlangoni."

"Aa. Lile mama yako amelitoa inje, linachafua kitambaa." Akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Nilikuwa sijala.

Hotuba bado ninayo, nzima, haijatumika hata neno. Nadhani Jumapili hii nitaibeba tena Katuba, na nitaliokota lile jiwe nje kwanza.

Lakini si hilo lililoniamsha usiku huu. Upepo wa Jumamosi, ule wa mvua ya kwanza, umepasua tawi kubwa la muembe, na sasa limeegemea ukuta wa jirani, yule yule tuliyemsaidia mazishi. Hajasema neno. Baba Merveille anasema tungoje likauke. Nimetoka sasa hivi na tochi: pale lilipopasuka panaingia vidole vyangu vinne. Jumatatu viliingia viwili.