Barua zinazorudi: nilivyorekebisha orodha ya kijivu kwenye seva yetu ya Lamu

Saa kumi na robo jioni dada anayeshughulikia bukingi alinipigia simu, sauti imemkauka. "Kaka, ile barua pepe niliyowapelekea wale Waingereza asubuhi imerudi sasa hivi. Siku nzima nimekaa nikijua wameipata." Alikuwa ameruka herufi moja kwenye anwani. Wageni nao walisubiri bei hadi adhuhuri, wakachoka, wakachukua nyumba nyingine Shela. Vyumba vitatu, wiki nzima, tena Desemba.

Yeye alijilaumu. Mimi nilifungua logi za seva, yaani kumbukumbu za kila kinachopita humo, nikaona kuwa anayestahili lawama ni mimi.

Seva yenyewe iko chumba cha juu huku Langoni, inahudumia nyumba nne za wageni. Inatumia Postfix, programu ya kupokea na kutuma barua pepe, na miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimeiongezea Postgrey kwa sababu barua taka zilitushinda. Postgrey inaendesha kile tunachokiita orodha ya kijivu. Wenye nyumba niliwaeleza kwa mfano wa daka: mgeni asiyejulikana akipiga hodi, anaketi nje kwanza. Seva inamjibu kwa namba 450, yaani sasa hivi hapana, jaribu tena baadaye. Seva ya kweli huiweka barua kwenye foleni na kurudi. Programu nyingi za kurusha taka hazina subira hiyo. Wazo hili lilitolewa na Evan Harris mwaka 2003, na linatazama mambo matatu tu: anwani ya IP (namba ya mashine kwenye mtandao) ya anayebisha, anwani ya mtumaji na anwani ya mpokeaji. Utatu huo ukiwa mpya, Postgrey inaushikilia kwa sekunde 300 isipobadilishwa. Taka zilipungua kweli, na nilifurahi.

Ambalo sikulifikiria ni barua zinazorudi. Barua zetu za kutoka hazitoki moja kwa moja. Hupitia seva ya kampuni inayotupa intaneti. Barua ikikataliwa huko mbele, seva ya kampuni ndiyo inayoandika taarifa ya kutofika na kutuletea. Taarifa hiyo huja na mtumaji mtupu, kwenye logi unaona `from=<>`, hakuna jina ndani. Ndivyo zinavyotaka kanuni za SMTP, lugha ambayo seva za barua huzungumza: kama taarifa ya kutofika ingekuwa na mtumaji, nayo ikashindwa kufika, ingezaa taarifa nyingine, na seva mbili zingerushiana barua bila mwisho.

Basi logi ya siku ile ilisomeka hivi. Saa tatu na dakika mbili asubuhi taarifa imebisha, ikaambiwa 450. Nusu saa baadaye imebisha tena, lakini kutoka IP nyingine kabisa, maana kampuni ina mashine nyingi zinazopokezana foleni. Postgrey kwa kawaida huhesabu IP za mtandao mmoja wa /24 (zinazolingana namba tatu za mwanzo) kuwa ni mtu mmoja, ila hizi zilikuwa mitandao tofauti, kwa hiyo utatu ukawa mpya tena. 450. Kisha mwanya ukazidi kurefuka kati ya jaribio na jaribio, kama foleni za barua zinavyofanya. Hadi IP moja iliporudia, ni saa kumi jioni. Nililitazama hilo `from=<>` likijirudia mara baada ya mara na roho iliniuma. Habari iliyokuwa inahitajika kuliko zote siku hiyo ndiyo niliyoiacha nje juani.

Hatua ya kwanza ilikuwa rahisi: niliziingiza IP zote za seva za kampuni kwenye orodha ya Postgrey ya wanaoruhusiwa bila kusubiri. Hao tunajuana nao, hawana haja ya kuketi dakani.

Ningeishia hapo kama si wakala mmoja wa safari wa Nairobi. Barua zetu kwake zilikuwa zikikataliwa, naye anaapa hajazuia kitu. Kumbe seva yake, kabla ya kupokea barua, hurudi kwetu kuuliza kama mtumaji yupo kweli. Huuliza kwa mtumaji mtupu, inataja mpokeaji, halafu inakata bila kutuma chochote. Sisi tukimjibu 450, seva nyingine huahirisha tu. Ya kwake ilihesabu kuwa anwani yetu ni ya uongo.

Dawa ni kutomsimamisha mtumaji mtupu kwenye hatua ya RCPT, pale anapotaja mpokeaji, bali kumsubiri afike hatua ya DATA, pale anapoanza kuleta barua yenyewe. Anayeuliza tu hafikii DATA, anapata jibu lake na kuondoka. Anayeleta barua kweli ndiye atakayeambiwa angoje. Kwenye `smtpd_recipient_restrictions` niliweka `check_sender_access` yenye jedwali linalompa `<>` jibu la OK, kisha kwenye `smtpd_data_restrictions` nikamwita Postgrey kwa ajili ya `<>` peke yake. Tafadhali sana: huo mstari wa OK ukae baada ya `reject_unauth_destination`, unaokataa barua za mahali ambapo seva yako haihudumii. Ukitangulia, unaweza kumfungulia njia yeyote kupitisha barua zake kwenye seva yako, na hapo utajikuta kwenye orodha nyeusi.

Hapo hapo kwenye DATA niliongeza `reject_multi_recipient_bounce`, kwa kuwa taarifa halali ya kutofika huwa na mpokeaji mmoja. Inayokuja na wapokeaji kumi ni taka iliyovaa kanzu ya wenyewe.

Lipo ambalo orodha ya kijivu hailiwezi. Mtu akighushi anwani yetu na kutuma taka duniani, zinazotuangukia ni taarifa kutoka seva za kweli kabisa, nazo zitarudi hata ukizisubirisha. Hizo nimezishughulikia kwa vichujio vya `header_checks` na `body_checks`, vinavyotazama kama barua iliyonukuliwa ndani inadai kutoka kwenye seva yetu kwa jina ambalo sisi hatulitumii.

Niliweka pia `delay_warning_time`, onyo la barua iliyochelewa, litoke baada ya muda wa saa nne, maana Postfix kwa kawaida haimwambii mtumaji kitu wakati barua yake imelala kwenye foleni. Onyo hilo hutengenezwa na seva yetu yenyewe, hivyo halipiti kwa Postgrey.

Wiki iliyopita dada wa bukingi alikosea tena anwani, safari hii ya familia ya Ufaransa. Taarifa ilimfikia kabla hajainuka kitini. Nilikuwa nimekaa naye. Akaisoma anwani herufi kwa herufi, kidole juu ya kioo, akaongeza "n" iliyokosekana, akatuma upya.