Swali la Mama Mkunga

Chumba cha daraja la pili katika treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kina vitanda sita, vitatu kila upande, na kwa kuwa wanawake hupangwa na wanawake wenzao, mwaka 2008 nilisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya pamoja na kina mama na kina dada ambao sikuwahi kuwaona. Hadi jua linazama tulikuwa tumekwisha kuulizana yale ambayo abiria huulizana: unatokea wapi, unashukia wapi, una watoto wangapi. Maswali hayo ni ya heshima na yana mahali pake, lakini hujibiwa kwa neno moja, na baada ya hapo kila mtu hurudi kwenye kimya chake.

Aliyekivunja kimya chetu ni mama mmoja mtu mzima, mkunga mstaafu, aliyekuwa kitanda cha chini mkabala na changu. Usiku, tukiwa tumesimama Mlimba kusubiri kupishana na treni ya mizigo, kwa maana reli ile ni ya njia moja, alituuliza, “Jamani, huko mlikokulia, asubuhi mlikuwa mnaamshwa na sauti gani?”

Nimelitafakari swali hilo mara nyingi. Halikumtaka mtu ajieleze kuwa ni nani, wala halikugusa ndoa, dini, kabila au kipato, mambo ambayo mtu akiulizwa mbele ya wageni hujifunga. Hata hivyo, hapakuwa na jibu ambalo mtu mwingine angeweza kulikisia.

Mmoja alitaja adhana, mwingine mchi wa shangazi yake. Ndipo akazungumza dada aliyekuwa akishukia Makambako, ambaye tangu tuondoke hakuwa amesema zaidi ya salamu. Alisema yeye aliamshwa na baruti. Baba yake alikuwa mmoja wa maelfu ya Watanzania walioijenga reli hiyo pamoja na Wachina katika miaka ya 1970 hadi 1975, na familia iliishi karibu na kambi, huko milimani ambako mahandaki yalikuwa yakichimbwa.

“Na mama yako, baruti zikilia, alikuwa anafanya nini?” mkunga akauliza.

Dada yule alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mama yake alikuwa akihesabu. Kila alfajiri baba alimwambia idadi ya milipuko iliyotegwa, kwa sababu baruti ambayo haikulipuka ndiyo inayoua watu wanaporudi kazini. Hesabu ikipungua, mama aliacha kila kitu na kukaa akiitazama njia mpaka mumewe arudi. Alisema jambo hilo hakuwahi kulisimulia hata kwa watoto wake. Kulipopambazuka, tukaanza kuingia handaki moja baada ya jingine kuelekea Makambako, na sikuweza kupita hata moja bila kumfikiria mwanamke yule.

Zamu yangu ilipofika nilitaja redio ya marehemu baba, aliyoiwasha kabla hajanawa uso ili asikilize taarifa ya habari. Mama mkunga hakuniuliza baba alifariki lini wala kwa maradhi gani. Aliuliza, “Akishaiwasha, mwanangu, alikuwa anakaa wapi?” Nikajibu kwamba alikaa mlangoni, redio ikiwa magotini, ameielekeza nje, na nilipokuwa bado nasema, nikatambua kuwa huko nje ndiko mama alikokuwa akikoka moto. Ukarimu wa mama yule, kwa maoni yangu, ulikuwa katika swali lake la pili, kwa sababu la kwanza mtu anaweza kuja nalo kutoka nyumbani, lakini la pili hulipata tu yule aliyesikiliza.

Niliposhuka Mbeya nilimpigia mama simu, nikamuuliza kama baba alikaa pale mlangoni ili na yeye asikie habari. Akasema ndiyo, kisha akaanza kunieleza jinsi redio ile ilivyonunuliwa, na nani aliyekopwa fedha, na tulizungumza mpaka salio langu likaisha.