Tawi lililowavuta kulungu madume wakubwa

Kwa misimu miwili hapa Wisconsin, Marekani, kulungu madume waliokomaa hawakuyakaribia makwaruzo ya bandia niliyochimba kuiga yale wanayoyachimba wenyewe karibu na wakati wa kupandana. Nilibadilisha mkojo wa kulungu wa dukani niliomwaga humo kuwavuta, nikapanua eneo, haikusaidia. Mwishoni mwa Oktoba nilivaa glavu za mpira, nikachagua tawi la mwaloni lililoinama hadi kama mita 1.5 juu ya ardhi, nikaivunja ncha yake ikaning'inia, ndipo nikakwangua majani chini yake mpaka udongo mtupu ukaonekana. Tawi hilo ndilo nililolikosa awali, kwa kuwa kulungu hulipaka harufu ya paji la uso na ya tezi zilizo karibu na macho. Siku ya nne kamera ilimnasa dume mwenye shingo nene, akililamba taratibu mchana kweupe.