Ninavyopima dawa ya wadudu kabla haijafika kitaluni

Mbegu nyingi za tungule na bamia zinazolaumiwa hapa Unguja hazikuwa mbovu. Zimeunguzwa na dawa iliyokusudiwa kuzilinda. Dawa yoyote nisiyoijua naipima kwanza kwenye sahani.

Nahesabu mbegu 200 za paketi moja. Mia nazirowesha katika maji matupu, mia nyengine katika maji yenye dawa, muda uleule. Dawa napima kwa bomba la sindano, na glavu mkononi. Lebo ikitaka mililita 20 kwa bomba la lita 20, lita moja inachukua mililita 1 tu; kizibo cha kukadiria kinaweza kubeba mara tano ya hapo. Mbegu zilizotiwa rangi dukani siziongezei kitu, kwani rangi ile ni alama kwamba zina dawa tayari.

Kisha nazitandaza kwenye karatasi ya tishu iliyoroweshwa, nafunika kwa sahani nyengine na kuweka kivulini. Mchicha huchipua mnamo siku 3 hadi 5, bamia na tungule huchelewa zaidi. Za maji zikiota 90 na za dawa 60, dawa ndiyo yenye kosa. Pande zote mbili zikiota 50, huenda mbegu imezeeka.

Lakini idadi pekee inadanganya. Mara nyingi mbegu huota zote, kilichoharibika ni mzizi. Mzizi mzima ni mweupe, mrefu, na umevaa vinyweleo laini ambavyo wengi hudhani ni ukungu. Ulioungua ni mfupi, mnene, ncha ya kahawia, hauna vinyweleo. Mche wa namna hiyo ukitiwa kwenye udongo hudumaa, majani ya mwanzo yakawa manjano, na jua la mchana likaumaliza. Dawa za mafuta, zile zinazogeuza maji kuwa meupe kama tui, nazihofia zaidi, kwa sababu kiyeyusho chake nacho huunguza sehemu changa za mmea.

Kabla ya kulaumu dawa naangalia pia makumbi ya nazi. Anayejaza kitalu kwa makumbi yaliyofukiwa pwani anapanda ndani ya chumvi, na chumvi huzuia mbegu kunywa maji. Nayaosha kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, mara tatu au nne, hadi maji yake yasiwe na ladha ya chumvi.

Kwa chungu wanaobeba mbegu za mchicha sitii dawa kabisa: kitalu nakiweka juu ya meza, kila mguu ndani ya kopo la maji. Vidukari na inzi weupe nawazuia kwa chandarua cha matundu madogo. Ikilazimu kupuliza, nangoja majani mawili ya kweli, yanayofuata yale ya mwanzo, yatoke, napuliza jioni, kwa bomba ambalo halijawahi kutiwa dawa ya magugu. Tungule hujikunja majani kwa mabaki kidogo tu ya 2,4-D, dawa moja ya magugu, yaliyobaki kwenye mpira wa bomba, hata likiwa limesuuzwa.