Osaka na Baba, bila haraka

Watu wakisikia Japani wanapanga Tokyo, Kyoto, Hiroshima na Mlima Fuji, vyote ndani ya wiki moja, halafu wanarudi nyumbani wamechoka kuliko walivyoondoka. Mimi nilikuwa nasafiri na mzee wa miaka sabini na kitu, goti la kulia bovu, vidonge vya presha kila asubuhi, na mwezi wenyewe ni Agosti. Nikaamua mapema: mji mmoja, hoteli moja, jambo moja kwa siku. Anayeona huo ni uvivu, na aone.

Mji ukawa Osaka, na sababu ni Baba mwenyewe. Alifanya kazi TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, tangu ujana wake hadi kustaafu, upande wa njia: reli, mataruma, kokoto. Injini waliachiwa wengine. Mahekalu hayakumvutia, magorofa marefu ndiyo kabisa. Nilipomuuliza anataka kuona nini Japani, alijibu, "Nataka nione njia yao inavyotunzwa." Osaka ina reli za kampuni nyingi zinazopishana juu ya kichwa na chini ya ardhi, kwa hiyo hata goti likikataa kabisa, nilijua tutakaa kwenye benchi la stesheni na bado siku itakuwa imelipa.

Maandalizi hayakuwa mengi. Mtanzania mwenye pasipoti ya kawaida lazima apate viza kabla ya kuondoka, na ubalozini wanataka ratiba ya siku kwa siku. Ratiba yetu ilichekesha, jina la hoteli lilelile kila mstari, lakini ilipita. Kitu ambacho wengi hawakiangalii ni dawa. Mgeni anaruhusiwa kuingia na dawa za kuandikiwa na daktari za kutosha mwezi mmoja. Zaidi ya hapo kuna kibali cha kuomba kabla hujasafiri, na zipo dawa za kawaida kwingine ambazo kule haziingii kabisa. Nilikagua jina la kila kidonge cha Baba, kimoja kimoja. Halafu nikakwepa katikati ya mwezi, maana ndiyo siku za Obon, Wajapani wanarudi kwao kuwakumbuka wazee waliotangulia. Treni zinafurika na hoteli zinapandisha bei. Tulifika wimbi hilo limeshapita.

Tulikaa Tennoji, kusini mwa mji, na uamuzi huo ningeurudia hata kesho. Kiwanja cha ndege cha Kansai kimejengwa juu ya kisiwa cha kutengenezwa baharini, na treni iitwayo Haruka inakuchukua pale hadi Tennoji moja kwa moja, nusu saa na kidogo, bila kubadilisha popote. Kutoka hapohapo Tennoji kuna treni ya chini ya ardhi, tramu ya zamani, na treni za JR, kundi la kampuni za reli za Japani. Hoteli ilikuwa karibu na stesheni, chumba kidogo lakini kina vitanda viwili na kiyoyozi kinachofanya kazi kweli, na ghorofa ya chini kuna mashine za kufulia za kutumbukiza sarafu. Mashine hizo ni muhimu kuliko zinavyosikika. Agosti ya Osaka shati halivaliwi mara mbili.

Baba alitoka Mbeya kwenye baridi, na sweta mwilini. Nilimwambia kuhusu joto akanipuuza. Ameshaishi Dar, amefanya kazi Kilombero, joto analijua. Asubuhi ya kwanza tulitoka nje akasimama kizingitini mwa hoteli akasema, "Mama, hapa pana nini?" Hili joto, upepo wa bahari hautoshi kulipunguza. Linafika nyuzi 35 na zaidi, unyevu juu yake, na usiku halishuki kiasi cha kukuachia upumue. Kwenye miti kuna nyenje wanaopiga kelele hadi mnalazimika kupaza sauti kuongea.

Kwa hiyo siku zetu zilikuwa hivi. Alfajiri jua linatoka mapema, tunatoka saa moja asubuhi, kabla lami haijawaka. Saa nne tumesharudi ndani. Mchana ni kulala, au kukaa mahali penye ubaridi. Jioni saa kumi na moja tunatoka tena mpaka usiku. Mwavuli wa jua Baba aliukataa, akasema ni mambo ya wanawake, mpaka alipoona wanaume wa makamo wenye suti na mikoba ya ofisini wamejifunika miavuli yao bila wasiwasi. Siku iliyofuata aliubeba mwenyewe. Kila kona kuna mashine ya kuuza vinywaji, na alichokipenda ni chai baridi ya shayiri iliyokaangwa, haina sukari wala maziwa. Chai ya maziwa ya kwetu niliacha kumtafutia.

Kuna jambo moja la saa ambalo lilinifurahisha kupita kiasi. Japani iko mbele yetu kwa saa sita, na sisi na wao tunatofautiana saa sita hizohizo katika kuhesabu. Kwa hiyo Baba hakuigusa saa yake ya mkononi. Mshale ukiwa kwenye 2, Mbeya ni alasiri, yeye anasoma saa nane. Na kwa Wajapani wakati huohuo ni nane ya usiku, ubao wa stesheni umeandika 20:00. Safari nzima alisoma saa ya Mbeya kwa Kiswahili akapata saa ya Osaka kwa Kijapani. Simu yangu yenye kila kitu haikuwa na la kumwongezea.

Sasa reli. Siku ya pili tulishuka kwenye jukwaa la JR pale Tennoji, tukasubiri treni ya mzunguko. Baba akasogea kuelekea ukingoni, si karibu sana, akainama kidogo mikono nyuma, akatazama njia kwa muda. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni, "Hii ni futi tatu na inchi sita. Hii ni ya kwetu." Nilikagua baadaye: reli za kawaida za JR zina upana wa milimita 1,067, na TAZARA ni milimita 1,067. Wajapani walianza nao mwaka 1872, kati ya Shimbashi na Yokohama, kwa msaada wa Waingereza. TAZARA ilijengwa na Wachina ifuate upana wa reli za kusini mwa Afrika inakoungana nazo. Njia mbili tofauti kabisa, zimefika kwenye kipimo kimoja, na Baba alikiona kwa macho akiwa amesimama.

Tangu hapo ukawa mchezo. Kila stesheni anapima kwa jicho, kisha ananiagiza nitafute kwenye simu. Tramu ya Hankai, ile ya zamani inayotoka Tennoji kwenda Sumiyoshi, akasema hiyo ni pana, ni SGR. Kweli, milimita 1,435, sawa na ile ya Dar kwenda Dodoma. Reli ya kampuni ya Hankyu, pana. Ya Nankai, nyembamba. Hakukosa hata mara moja, na nilianza kumwekea mitego.

Treni ya mzunguko yenyewe ndiyo iliyookoa mchana wetu. Inauzunguka mji mzima, kilomita 21.7, kama dakika arobaini, na ndani ni baridi safi. Nauli inahesabiwa kwa njia fupi kati ya ulikoingilia na ulikotokea, kwa hiyo tuliingia Tennoji, tukazunguka upande mrefu wote bila kutoka, tukashukia kituo jirani kwa nauli ya kituo kimoja. Ni halali, mradi usipite kituo kimoja mara mbili. Kumbuka tu kutazama ubao, maana treni nyingine kwenye njia hiyohiyo zinachepuka kwenda Nara au uwanja wa ndege. Kumbuka pia behewa la wanawake, lina alama za rangi ya waridi hadi sakafuni kwenye jukwaa. Baba alikuwa ameshapanga foleni hapo kwa adabu zote, nikamvuta taratibu. Unakaa, mji unapita dirishani. Pale Tsuruhashi milango ikifunguka harufu ya nyama ya kuchoma inaingia ndani. Ngome ya Osaka tuliiona kutoka humo humo. Nilimwambia mnara ule ulijengwa upya kwa zege mwaka 1931, akasema, "Basi umenitangulia miaka ishirini tu," na hakutaka kushuka.

Siku pekee tuliyotoka nje ya mji ilikuwa ya jumba la makumbusho ya reli, Kyoto, na hiyo nitaieleza vizuri. Limefunguliwa mwaka 2016, na kwa kawaida linafungwa Jumatano, kwa hiyo angalia kalenda. Kutoka Osaka treni ya haraka ya kawaida inafika Kyoto kwa nusu saa, kisha kituo kimoja tu hadi Umekoji-Kyotonishi. Watoto wengi, likizo ya shule haijaisha, na katikati yao wazee kama Baba, nao wameinama kutazama chini ya mabehewa. Nje kuna banda la mviringo la mwaka 1914, injini za mvuke zimepangwa ndani yake zote zimeelekeza pua kwenye meza ya kugeuzia. Baadhi bado zinawashwa, na siku ile moja ilikuwa inavuta mabehewa ya wageni mwendo mfupi kwenda na kurudi. TAZARA ilianza na dizeli moja kwa moja, Baba hakuwahi kufanya kazi na mvuke, lakini ilipopiga honi alivua kofia. Sijui kwa nini, na sikumuuliza.

Ndani kuna treni ya kwanza ya Shinkansen, yenye pua ya duara, iliyoanza kazi Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka. Nilimsomea kwamba mwaka 1961 Benki ya Dunia iliwakopesha Wajapani dola milioni 80 kwa ajili ya njia ile, na walimaliza kulipa mwaka 1981. Baba alisimama. "Hawa nao walikopa?" Nikarudia. Alikaa na jambo hilo mpaka wakati wa chakula, kisha akanihutubia kuhusu matengenezo: kwamba kukopa si shida, shida ni kujenga na kusahau kukaza bolti. Nadhani watu wa meza ya jirani walielewa bila kujua Kiswahili.

Kurudi tulipanda Shinkansen, kituo kimoja tu, Kyoto hadi Shin-Osaka, robo saa hivi. Ule mwendo unausikia vilevile, na bei ni ya kuvumilika. Ile tiketi ya siku saba ya kuzunguka nchi nzima ilipanda Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Kwa mtu wa mji mmoja ni kutupa pesa. Kadi ya ICOCA ya kuongeza salio ilitutosha kwa treni, tramu na hata dukani.

Chakula hakikutusumbua. Samaki mbichi Baba hakugusa, sikumlazimisha. Alipenda wali wenye kuku na mayai juu yake, samaki wa kuchoma na chumvi, na tambi nene za udon kwenye mchuzi. Jioni, ghorofa za chini za maduka makubwa zinauza vyakula vilivyopikwa, na karibu na kufunga wanabandika stika za kupunguza bei. Tulinunua, tukala chumbani na kiyoyozi chetu. Bafu za pamoja za moto, ambazo watu wanazisifia sana, alizikataa katakata. Kuvua nguo zote mbele ya wageni? Haikujadiliwa tena.

Usiku tulitembea polepole hadi Shinsekai, si mbali na hotelini. Kwenye uchochoro mmoja kuna ukumbi ambamo wazee wanacheza shogi na go, michezo ya ubao, unawaona kupitia kioo. Wapita njia wanasimama nje kama kwenye bao la kijiweni, nao wanatikisa kichwa mchezaji akikosea. Baba hajui sheria hata moja ya mchezo ule. Alisimama kwenye kioo muda mrefu na goti lake, mpaka mzee mmoja wa nje akamsogezea boksi la plastiki akalie. Wakawa wanatazama pamoja, kila mmoja akiguna kwa lugha yake.

Kaka zangu waliuliza picha. Ziko nyingi kwenye simu ya Baba, ameshazionyesha kwa wastaafu wenzake kule Iyunga: mataruma ya zege, vifungio vya reli, kokoto zilizosafishwa, njia ya Nankai kwa mbele na kwa upande. Mimi nimo kwenye mbili. Moja ni kiwiko.